Msimu wa Mwisho wa Wapuliza Vioo wa Toledo

Oktoba 7, 1975, Jumanne

Leo Bwana Halloran, mwenye timu yetu ya mpira wa kikapu, ameshuka mwenyewe mpaka chumba cha kufulia. Hajakanyaga huku tangu mwaka wa sabini tulipochukua ubingwa. Alisimama mlangoni na koti lake la manyoya kana kwamba povu la sabuni litamrukia, akanikabidhi daftari nene la kijani.

"Bi Odessa, huu ni msimu wetu wa kumi. Nataka kijitabu cha historia ya timu. Makocha wamekuja wakaondoka, ila wewe upo tangu siku ya kwanza. Niandikie kila mchezaji aliyewahi kuvaa jezi ya Wapuliza Vioo."

"Hata waliocheza dakika mbili?"

"Hata waliocheza dakika mbili."

Nimejumlisha kwa kichwa nikapata watu themanini na saba. Nguo zao wote nimezifua mimi. Daftari ni kubwa kuliko majina hayo, kwa hiyo nitaanza nalo mbele kwa ajili yake, na nyuma nitaandika yangu.

Jezi mpya zimefika. Zimeandikwa "Toledo" zote isipokuwa tatu, zilizoandikwa "Toldo". Nimeshinda nikishona.

Oktoba 12

Nimeandika kurasa sita za mbele. Mwaka wa kwanza, 1966, tulicheza kwenye ukumbi wa jeshi usio na joto. Wachezaji wa akiba walijifunika mablanketi, na siku moja maji yaliganda kwenye ndoo. Nimemwandika Hollis Tandy, jitu lililocheza miaka mitatu kwa jicho moja bila kocha kujua. Mimi nilijua, kwa sababu kila taulo alilorusha kwenye kapu langu liliangukia upande uleule. Nimemwandika na Eugene Sharkey, aliyefunga kikapu cha timu yake mwenyewe mara mbili katika mchezo mmoja, halafu akanyoosha mikono ashangiliwe.

Na Thaddeus Rainey, Thad wetu. Huyu ndiye pekee aliyebaki wa kikosi cha kwanza. Alifika kutoka Mississippi akiwa na miaka ishirini na minne na sanduku la karatasi lililofungwa kamba. Nilimwuliza, "Nguo zako ziko wapi?" Akasema, "Nimezivaa." Leo ndiye nahodha, na hakuna aliyefunga pointi nyingi kama yeye katika historia ya timu hii.

Oktoba 21

Thad amekuja kuniomba raba namba kumi na tano. Miaka yote tisa amevaa kumi na nne.

"Miguu inakua, Bi Odessa."

"Ya mtu wa miaka thelathini na tatu? Basi subiri, na meno mapya yataota."

Willie Pettis, yule mchezaji wetu wa ulinzi mwenye domo, akadakia kutoka bafuni: "Bi mkubwa, mpe maboksi mawili ya televisheni ajifunge kamba!"

Wakacheka wote. Nimempa hizo raba.

Novemba 4

Tumeshinda. Thad pointi ishirini na nane. Mvua ya baridi.

Novemba 13

Nimefunga mlango kwa ufunguo ndipo nikaandika.

Baada ya mazoezi Thad alikuja chumbani kwangu kupumzika, akavua soksi. Mpira wa soksi ulikuwa umemchimba mguu kama waya uliokaza gogo. Sikumwuliza ruhusa. Nilipiga magoti nikambonyeza ugokoni kwa kidole gumba. Nilipoondoa kidole, shimo lilibaki palepale, kama nimebonyeza unga.

Marehemu mume wangu, Amos, alivimba hivihivi. Figo. Ilimchukua mwaka mmoja.

"Mkojo wako ukoje?" nikamwuliza.

"Bi Odessa, jamani!"

"Nimekuuliza."

Akatazama mlango kwanza. "Una povu. Tangu kiangazi."

"Na Daktari Feld wa timu alipowapima Septemba?"

Akaona haya, lakini akacheka. "Kile kikombe cha mkojo kilikuwa cha Pettis. Nilimwambia nimekunywa bia usiku uliotangulia, naogopa kocha atajua."

Nikamwambia twende kwa daktari sasa hivi, na sabuni mikononi. Akanishika mikono yote miwili. Akasema ligi kubwa inataka kuimeza ligi yetu, itachukua timu chache tu na nyingine zitakufa. Mwezi wa kwanza watakuja watu wao kututazama. "Nikikaa benchi, nani atakuja ukumbini? Atakuja kumtazama Pettis? Hawa vijana wana wake na watoto wadogo. Wewe una chumba hiki. Niache mpaka msimu uishe, kisha unipeleke hospitali ukiniburuta kwa sikio."

"Nani amekuambia figo zinasubiri msimu?"

"Niapie, Bi Odessa."

Mungu wangu, nimeapa.

Novemba 27, Sikukuu ya Shukrani

Wamekuja kula kwangu, watu saba warefu ndani ya nyumba iliyojengwa kwa watu wa kawaida. Pettis alikula mapaja mawili ya bata mzinga na viazi vitamu vya watu watatu. Thad alikuwa akisukuma chakula pembeni ya sahani. Nilimpikia kando bila chumvi, kama nilivyompikia Amos. Alionja mboga akanikonyeza: "Umesahau chumvi, bibi mzima." Nikamwongezea mboga.

Desemba 4

Kocha Wojcik simpendi, na leo nimezidi kutompenda. Ni mtu wa mtaa wa Wapolandi hapa hapa Toledo, mfupi, mwenye shingo ya fahali. Amemfokea Thad mbele ya wote: "Rainey, unakimbia kama mama mjamzito!" Thad akasema, "Sawa, Kocha."

Desemba 9

Tumefungwa. Theluji.

Desemba 11

Tumefungwa. Theluji.

Desemba 13

Tumefungwa kwa pointi moja. Theluji. Raba za Thad sasa hazifungwi kamba mpaka juu.

Desemba 18

Asubuhi Thad alifika mazoezini uso umejaa, macho yamebaki vijistari. Kocha Wojcik alimnusa mdomo kama mbwa.

"Umelewa, Rainey."

Nilikuwa nimesimama na rundo la taulo. Nikamtazama Thad, naye akanitazama mimi, akatikisa kichwa kidogo sana.

"Ndiyo, Kocha," akasema. "Nilikunywa kidogo."

"Nahodha! Miaka kumi! Kimbia ngazi za ukumbi mara thelathini."

Akakimbia. Nilikuwa nikihesabu kutoka chini. Ya ishirini na mbili alisimama akashika chuma cha ngazi, na mimi nikang'ata taulo. Angeanguka ningesema. Hakuanguka. Alimaliza thelathini, nami nikarudi kufua.

Desemba 25

Kanisani. Nimemwombea. Nimeona aibu kuomba, maana dawa ya jambo hili ni maneno matatu tu, na mdomo ninao.

Januari 8, 1976

Nimempigia simu Daktari Feld.

"Daktari, mtu akivimba miguu, na uso asubuhi..."

"Mtu gani?"

"Mtu tu."

"Bi Odessa, ni mchezaji? Maana vipimo vyao vya Septemba ninavyo hapa, wote ni wazima kama farasi."

Nilikata simu kwa kidole. Nimekaa na mkono wa simu mapajani mpaka mlio wake ukanichosha.

Januari 15

Tumeshinda. Mji mzima unasema watu wa ligi kubwa watakuja Jumamosi ya tarehe ishirini na nne. Tiketi zimekwisha. Bwana Halloran ameniuliza majina yamefika wapi. Sabini na moja, nikamwambia. Akanihimiza nimalize.

Januari 24, Jumamosi

Nitaandika yote, kwa mfuatano, ili nisije kujidanganya baadaye.

Mchezo ulianza saa nane mchana. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Wafanyakazi wa kiwanda cha vioo walikuja na watoto wao mabegani. Wageni wa ligi kubwa walikuwa watatu, wamevaa tai, wamekaa pamoja na Bwana Halloran. Kabla ya kuingia, Thad alikuja kwangu. Raba hazikuingia. Namba kumi na tano, hazikuingia! Nikachukua mkasi nikazipasua pembeni, nikazifunga kwa plasta nyeupe.

"Mwanangu, usicheze leo."

"Leo ndiyo nacheza, Bi Odessa. Kesho utafanya utakavyo. Nakupa ruhusa kuanzia kesho."

Alicheza dakika arobaini na moja. Sijui alitoa wapi. Nimemwona miaka kumi na sijawahi kumwona vile: alifunga akiwa amezibwa na watu wawili, alifunga akianguka, alimpa Pettis pasi bila kutazama. Watu walisimama robo ya nne yote. Hata Kocha Wojcik alikuwa akipiga ngumi hewani kama mtoto. Pointi thelathini na nane. Tulishinda kwa nne. Kipenga kilipolia walimbeba Pettis juujuu, na Thad akatoka peke yake, taratibu, akishika ukuta. Hakwenda chumba cha kubadilishia nguo. Alikuja kwangu, akajilaza juu ya taulo chafu.

Pumzi yake ilikuwa na maji ndani. Unaisikia inavyochemka. Midomo imekuwa ya majivu.

"Nimefunga ngapi?" akaniuliza.

Nilipiga kelele. Huko nje walikuwa wanashangilia na hakuna aliyenisikia. Nikakimbia, nikamvuta Kocha Wojcik kwa shati katikati ya waandishi wa habari. Alipofika na kuona, alipiga magoti kwenye maji ya sabuni na kumwinua Thad kifuani kwake ili aweze kupumua, akakaa naye hivyo mpaka gari la wagonjwa likaja.

Walipoondoka naye nikamwambia Kocha kila kitu. Soksi, kikombe cha Pettis, uso wa Desemba. Alikaa juu ya kapu la nguo.

"Nilimwita mlevi."

"Ndiyo."

"Nikamkimbiza ngazi thelathini. Nawe ulikuwepo."

"Nilikuwepo, nikahesabu."

Hakunitukana. Nilitamani anitukane.

Januari 26

Figo zote mbili zimekufa. Daktari wa hospitali, kijana mpole, amesema wataisafisha damu yake kwa mashine mara tatu kwa wiki, saa tano kila mara, maisha yake yote au mpaka apate figo ya mtu. Nikamwuliza: tungemleta Novemba?

"Labda angepata miezi kadhaa zaidi bila mashine, mama. Labda mwaka. Labda isingebadilisha kitu."

Hilo la tatu amelisema kwa huruma. Sikulichukua.

Januari 29

Bwana Halloran ametukusanya ukumbini. Ligi kubwa imechukua timu nne na yetu haimo. Timu inavunjwa. Pettis akauliza, "Na wale watu wa Jumamosi? Si walituona tulivyocheza?"

Bwana Halloran akatazama viatu vyake. Wale hawakuja kununua timu. Hilo liliamuliwa tangu Septemba. Walikuja kuchagua wachezaji. Wamemchagua Pettis na kijana wetu mmoja mrefu wa Iowa.

Tangu Septemba! Pettis alikaa chini sakafuni akalia, yeye aliyechaguliwa. "Mkojo wangu," alikuwa akirudia. "Bi mkubwa, nilidhani ni bia tu."

Nani atamwambia Thad? Wote walinitazama mimi.

Januari 30

Nimemwambia. Alikuwa kwenye mashine, damu yake inazunguka kwenye mirija mbele ya macho yetu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Pettis wamemchukua?"

"Wamemchukua."

"Basi vizuri," akasema, akageukia ukuta.

Februari 12

Mafundi wamekuja kung'oa sakafu ya ukumbi. Imeuzwa kwa shule moja ya Indiana. Wanafungua mbao moja moja na kuzipa namba kwa chaki. Bwana Halloran alikuwa amekaa jukwaani peke yake akila karanga kutoka mfukoni. Nilipanda kwenda kumpa maneno niliyoyaandaa wiki mbili.

Kabla sijafungua mdomo akasema, "Baba yangu aliuza mazulia. Mimi nimeuza mazulia. Miaka kumi tu, Bi Odessa, nilikuwa mtu ambaye watu wanamsimamisha barabarani kumwuliza jana ilikuwaje." Akanisogezea karanga. "Nilijua Septemba. Nilidhani kukiwa na kitabu, na ukumbi ukajaa, watabadili mawazo."

Nilikaa. Tulitazama wanavyoibeba mistari ya rangi, vipande vipande. Yale maneno sikuyasema.

Februari 17

Kocha Wojcik amekwenda hospitali bila kumwambia mtu, akajitolea figo yake. Wamemkatalia, wanachukua kwa ndugu wa damu tu. Alibishana nao mpaka wakamwita mlinzi. Nimemkuta nje amekaa kwenye theluji bila kofia. "Nina mbili," ananiambia. "Wanasema haifai. Wanajuaje kama haifai?" Nikamvalisha skafu yangu. Huyu ndiye mtu niliyemchukia majira yote ya baridi.

Februari 20

Thad ana ndugu mmoja tu, Luther, yuko Memphis. Hawajazungumza miaka sita. Ubingwa wa mwaka wa sabini, ule tunaoujivunia, ulichezwa wiki aliyokufa mama yao. Thad alibaki kucheza fainali. Luther alimzika mama peke yake.

"Usimpigie," Thad ameniambia.

Safari hii sikuapa kitu. Nimepiga.

Februari 28

Luther amefika kwa basi. Ana uso uleule wa Thad, ila mfupi na mnene, fundi wa mabomba, mikono imejaa makovu. Amesimama mlangoni mwa wodi kama mtu aliyekosea nyumba.

"Umekonda," akasema.

"Nawe umekula sehemu yangu," Thad akajibu.

Nikatoka nikawaacha. Nilipochungulia baadaye walikuwa wanatazama televisheni, hawasemezani, lakini viti vilikuwa vimesogea.

Machi 9

Damu zao zinapatana! Daktari kijana alikuja akitabasamu mpaka masikioni. Kocha Wojcik alinikumbatia akanivunja mgongo. Upasuaji Aprili 14.

Machi 21

Luther anakaa kwangu. Amerekebisha bomba la jikoni lililonitesa miaka minne. Anakula mkate wa mahindi, anaimba kanisani kwa sauti nene, anawapigia wanawe wanne kila Jumapili. Wa mwisho ana miaka miwili. Nimeanza kumpenda kama wa tumboni mwangu.

Aprili 2

Thad amepata homa, ikapita. Mkono wake unaochomwa sindano za mashine umevimba. Anasema ndotoni anakunywa maji, mto mzima, maana wanampimia vikombe viwili tu kwa siku.

Aprili 10

Luther ameniuliza wakati tunaosha vyombo: "Bi Odessa, mumeo aliogopa?"

"Aliogopa sana."

"Wananipasua kutoka hapa mpaka hapa." Akachora kwa kidole chenye povu, ubavuni mpaka mgongoni. "Daktari anasema mtu anaweza kuishi vizuri na moja. Anaweza. Ndivyo anavyosema."

Nikamwambia Mungu yupo. Ningesema nini kingine? Kumbe ningeweza kumwuliza yeye anaogopa nini.

Aprili 13, Jumanne

Asubuhi nimemkuta ametandika kitanda. Shuka limekunjwa pembe kwa pembe, sanduku halipo. Nilijua nikiwa bado nimeshika kitasa.

Simu ililia saa sita mchana. Yuko kituo cha basi Cincinnati. Nilisikia wanatangaza safari nyuma yake.

"Siwezi, Bi Odessa. Nimejaribu. Nina watoto wanne. Na nikiwa hapo nampenda, lakini nikifumba macho namwona mama kwenye jeneza na mimi peke yangu nimesimama. Siwezi."

"Rudi tu tuzungumze, mwanangu. Rudi."

Akalia. Mlio ukakatika.

Nimekwenda hospitali kwa miguu ili njia iwe ndefu. Kocha Wojcik alikuwa kando ya kitanda, wanacheza karata. Aliponiona uso akaziweka chini karata zake. Thad aliendelea kushika zake.

"Ameondoka saa ngapi?" akauliza.

"Alfajiri."

Alizipanga karata, zote, nyekundu na nyekundu, nyeusi na nyeusi. Kocha akainuka akaenda dirishani, akampa mgongo. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

"Mpigie, Bi Odessa," Thad akasema mwishowe. "Mwambie simlaumu. Mwambie alichokibeba siku ile kilikuwa cha watu wawili, na mimi nilikuwa nacheza mpira. Umwambie kabla hajafika nyumbani, asije akaingia kwa wanawe na uso ule."

Nimepiga. Mke wake anasema hajafika.

Aprili 14

Chumba cha upasuaji wamempa mtu mwingine. Thad yuko kwenye mashine tangu asubuhi. Nimepiga Memphis mara mbili. Hajafika.

Aprili 16

Nimepiga. Mke wake sasa analia, ananiuliza mimi yuko wapi.

Aprili 18, Pasaka

Sikwenda kanisani. Thad ananiuliza kila ninapoingia: "Amepokea?" Namwambia bado. Leo ameacha kuniuliza, ananitazama tu.

Nimepiga baada ya chakula cha mchana. Simu imeita muda mrefu, hakuna mtu, wamekwenda kumtafuta labda. Nimeiacha iite. Nimehesabu miito arobaini, nikaweka chini, nikaanza kuzungusha tena namba ya Memphis, tarakimu ya kwanza.